Siku Tulilala Mbele ya Mkaguzi

Nyinyi mliokaa huko nyuma mkiangalia saa, songeni hapa karibu na moto. Nyama yenu bado. Huyo mbuzi alikuwa na shingo ngumu kama chifu, na mimi sitoi nyama mbichi hata nikipewa shamba. Kaeni. Na moshi ukiwajia msiukimbie, unuseni kwanza.

Mnasikia? Hayo si makaa ya kawaida. Ni mashina ya kahawa. Huko juu wanang'oa mashamba wajenge ploti, na lori inatuletea mashina hapa Kamakis ya Ruiru. Shina moja linachoma mbuzi watatu na bado linabaki na hasira. Moshi wake uko na utamu fulani, kama sukari imeungulia juu ya udongo uliolowa. Wateja wa Nairobi hula wakiniuliza nimeweka nini kwa nyama. Mimi huwaambia ni siri ya ukoo. Lakini hiyo harufu ikipanda, mimi siko hapa tena. Niko darasa la tano, macho yananiwasha, kichwa ni kizito kama gunia lililonyeshewa, na nimeapa mbele ya Mungu kwamba leo sitalala.

Shule mimi niliishia la sita, na hata hiyo la sita niliingia na kutoka kama mtu aliyekosea choo. Kwa hivyo mahali nitaongeza chumvi, mnivumilie. Chumvi ndiyo kazi yangu.

Miaka hiyo ya tisini, kutoka hapa Ruiru mpaka Thika ilikuwa kahawa tupu. Ungetoka Gitothua ukitembea chini ya kahawa mpaka Thika na jua lisijue umepita. Tumbili wa njiani walikuwa wanatujua kwa majina. Mama yangu alikuwa mchumaji, na mama ya karibu kila mtoto wa darasa letu alikuwa mchumaji. Malipo yalikuwa kwa debe. Ukijaza debe unapeleka kwa nyapara, nyapara anatoboa kadi yako, unarudi kwa mti.

Sasa hiyo debe. Debe ya dukani mnaijua, iko na ubavu ulionyooka. Ile ya nyapara wetu ilikuwa na mimba. Mtu alikuwa ameipiga nyundo kutoka ndani ikatokeza tumbo pande zote nne, ikawa inameza kahawa kama tanuru. Ukiileta imejaa, nyapara anaipiga teke. Kahawa inashuka. Anaipiga ya pili, inashuka tena. Halafu anaangalia juu mbinguni, anasema hataki debe, anataka kilima. Kilima maanake kahawa irundikwe juu ya mdomo wa debe mpaka zianze kuteleza. Mama alikuwa anasema neno moja tu, "Haya." Halafu anarudi kwa mti kutafuta hicho kilima.

Sisi watoto tulikuwa mkono wa tatu wa mama. Kahawa ya mwezi wa sita ikiiva haingojei mtu, na baridi ya Ruiru mwezi wa sita mnaijua. Mwaka huo ilikuwa mbaya mpaka jogoo aliwika mara moja tu akarudi kulala. Saa kumi na moja tuko macho, kukianza tu kuonekana tuko kwa mistari, umande unaingia kwa mikono ya sweta mpaka kwapani, vidole vimekufa. Inapigwa kengele ya shule, unakimbia na miguu ya matope, unafika, unakaa, dawati linapata joto kidogo. Basi. Hapo hata malaika Gabrieli akikufundisha hesabu utalala.

Walimu wetu walikuwa na dawa moja ya usingizi, na ilikatwa kwa mti. Mimi mgongo wangu ulikuwa unajua miti ya huo mkoa kuliko mtu wa misitu.

Halafu akaja Madam Zuhura. Alikuwa mwalimu wa mazoezi, wale wa chuo kikuu ambao huletwa kujifunzia kunyoa kwa vichwa vyetu. Alitoka Pwani, alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari, na alikuwa mwembamba mpaka upepo ukivuma tulikuwa tunaangalia kama bado yuko. Alivaa sweta tatu na bado alitetemeka. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, kilikuwa kimepigwa pasi. Alituita wanangu, na yeye mwenyewe hakuwa amemaliza miaka ishirini na mitatu.

Siku ya kwanza kunikuta nimelala, alitoa leso yake akanifunika. Niliamka wakati wa mapumziko, darasa lote linanichungulia kama maiti, leso inanukia marashi, na mwalimu amekaa dawati la pili anasahihisha vitabu polepole, hataki karatasi zipige kelele. Akaniuliza kwa nini nachoka hivyo. Nikamwambia habari ya debe. Ile ya mimba, teke na kilima. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwao kahawa inanywewa kwa kikombe kidogo kama kisoda, na amekunywa tangu utotoni, na hajawahi hata siku moja kujiuliza ilitoka kwa mkono wa nani.

Nadhani ni hapo hiyo mchezo ilizaliwa kwa kichwa chake.

Juma lililofuata akatutangazia kwamba mkaguzi wa chuo anakuja Alhamisi kumwona akifundisha. Hakutuficha. Alisema huyo mzee ndiye ataamua kama yeye ni mwalimu ama si mwalimu. Akimkataa, anarudi nyumbani mikono mitupu, na nyumbani kuna wadogo zake wanne wanaongojea yeye aajiriwe ndio waende shule. Alisema hiyo kwa sauti ndogo, akifuta ubao mahali hapakuwa na maandishi. Halafu akasema tutacheza mchezo wa biashara ya haki, tujifunze jinsi mtu anavyoweza kuuza jasho lake bila kuonewa. Kitu kimoja tu alituomba: tuwe macho.

Tuliapa. Kariuki, kijana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake ulifika darasani dakika kumi kabla yeye mwenyewe, alisema mtu atakayelala Alhamisi atapakwa pilipili kwa kope. Mimi niliapa mara mbili, kwa sababu kila mtu alikuwa ananiangalia mimi.

Alhamisi ikafika. Na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kahawa imeiva yote mara moja, nyapara akasema kila mtu kwa mistari na kila mwenye mkono alete mkono. Tulianza kuchuma kwa kupapasa. Mama alikuwa na mgongo mbaya, alikuwa anainama kwa vipande, kwanza kichwa, halafu mabega, halafu anangoja. Tulijaza debe ya kwanza. Teke. Tukajaza tena. Teke. "Haya," mama akasema. Kilima cha tatu ndicho kilitobolewa kwa kadi, na mimi nikakimbia shule nikiwa nimechoka kama mtu aliyebeba Mlima Kenya akaambiwa aurudishe.

Madam alikuwa amekuja na mikate mitano. Baadaye tulisikia alinunua na nauli yake, akatembea kwa miguu kutoka Kahawa Sukari na hayo masweta matatu. Aliiweka juu ya meza, na ile harufu ya mkate mpya ikashika darasa kwa shingo.

Mchezo ulikuwa hivi. Safu yetu ya dirishani tulikuwa wachumaji. Tulimwagiwa magunia ya mahindi yaliyochanganywa na maharagwe mekundu, kazi yetu kuokota maharagwe, kujaza mkebe. Safu ya ukutani walikuwa wanunuzi wa ng'ambo. Safu ya katikati walikuwa wanywaji, kazi yao kukaa. Kariuki akapewa unyapara. Madam alimwambia maneno mawili tu, pokea mkebe ukijaa, toa malipo. Malipo ni mkate.

Mimi nilikuwa wa kwanza kujaza. Nikampelekea Kariuki. Mkebe umejaa mpaka mdomoni. Kariuki akauweka chini, akarudi nyuma hatua moja, akaupiga teke.

Hakuna mtu alimfundisha. Huyo mama yake alikuwa anachuma mstari wa pili kutoka kwa mama yangu, alikuwa anapigiwa debe teke kila siku ya Mungu. Na bado mguu wake ulijua. Maharagwe yakashuka. Akaangalia juu kwa mabati, akasema, "Mama, hii ni mkebe ama ni kofia? Mimi nataka kilima."

Na mimi nikasema, "Haya."

Nikarudi kuokota. Wenzangu wote hivyo hivyo, teke, haya, teke, haya. Kuna msichana aliweka karatasi iliyokunjwa chini ya mkebe ndio ujae haraka, na Kariuki akaingiza mkono moja kwa moja akaitoa, kama daktari anayejua jino ni lipi. Mkate ukagawanywa. Wanunuzi wakapata vipande viwili viwili. Wanywaji kimoja. Safu yetu yote, watu kumi na tisa, tukapewa vile vichwa vya mkate, zile ngozi za mwisho, tukagawana kwa kucha. Mimi wangu nilipata kama wa kumlisha siafu.

Madam Zuhura alikuwa amesimama kando, uso umebadilika. Hiyo teke haikuwa kwa mpango wake. Alimwuliza Kariuki nani amemwambia afanye hivyo, na Kariuki akashangaa kuulizwa, akamwambia debe ndivyo hupimwa, madam. Akatugeukia sisi wachumaji. Akauliza tunajisikiaje. Tukaendelea kulamba vidole. Akauliza tena, akinyoosha shingo, unamwona anatuvutia jibu kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani. Alitaka tukasirike. Mchezo wake ulitaka tukasirike, ndio yeye aulize tufanye nini, ndio somo liende mbele. Na mkaguzi alikuwa njiani.

Mimi nilimpenda huyo mwalimu. Nilitafuta jibu zuri kabisa la kumsaidia. Nikasimama nikasema, "Tumeshukuru, madam."

Safu yote ikaitikia, tumeshukuru.

Alikaa chini. Alikaa kwa kile kiti kama mtu amekatwa kamba. Nilidhani nimemharibia kazi. Halafu akasimama, akatupa kando zile karatasi zake za mpango, akasema tutaanza upya na sheria mpya. Akachukua rula ya ubao, ile ndefu ya mbao, akampa Kariuki. Akasema kuanzia sasa hakuna teke wala kilima. Mkebe ukijaa, unapitisha rula juu ya mdomo, kinachoanguka kinarudishiwa mchumaji. Sisi wachumaji tukae pamoja tukubaliane mikebe mingapi ni kazi ya siku. Tukanong'ona, tukasema miwili, tukiogopa. Akasema miwili ni sawa. Na mkate uliobaki utakatwa, kila aliyefanya kazi apate kipande chake kizima.

Halafu akaongeza maneno ambayo ndiyo yalituua. Alisema, "Na ukimaliza mikebe yako miwili, muda uliobaki ni wako. Hapana mtu wa kukuuliza."

Tuliokota hayo maharagwe kama kuku wa njaa. Kariuki akapitisha rula. Mwanzo mguu wake ulitaka teke ukajizuia, lakini akapitisha, na maharagwe yaliyoanguka akanisukumia upande wangu. Mkebe wa pili, rula tena. Nikapewa kipande changu cha mkate, kizima, kiko na pembe zote nne. Nikaenda kukaa kwa dawati langu. Wakati huo jua likatoka, lile jua bahili la mwezi wa sita, likapita kwa kioo kilichovunjika likanikalia mgongoni mahali hasa mama alikuwa anaumwa na mgongo wake. Nikala. Nilikumbuka kiapo. Walahi nilikumbuka, nilijifinya paja mpaka leo kuna alama ningewaonyesha kama si heshima. Lakini nilikuwa nimemaliza. Hapakuwa na debe ingine. Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Huo mwili haukuwahi kuambiwa maneno kama hayo, na uliyaamini haraka kuliko mimi.

Nikaweka kichwa chini, kidogo tu.

Sikuwa peke yangu. Mchumaji wa pili akamaliza, akala, akaweka kichwa. Wa tatu. Wa nne. Naambiwa safu ya dirishani ilianguka kama kahawa inayopigwa na mvua ya mawe, watu kumi na tisa, mwingine na mkate bado kinywani. Safu ya ukutani macho makavu. Safu ya katikati macho makavu. Madam hakujua aamshe nani aache nani. Na ni hapo mlango ukabishwa.

Mimi nilisikia. Kuna usingizi ambao unasikia kila kitu lakini mwili umekataa kutumwa. Nilisikia viatu vya ngozi vikiingia, vile vya kulia kwa kila hatua. Nilisikia Madam akisema karibu, mwalimu. Alianza kueleza biashara ya haki, akafika maneno matatu, akaanza tena. Nilisikia kalamu ikifunguliwa. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nashika wale wadogo zake wanne, najiambia mwenyewe amka, Nyokabi, amka uokoe watu. Kope hazikuinuka. Viatu vikaja polepole mpaka kwa dawati langu vikasimama. Nikasikia joto la mkono wa mtu karibu na bega langu, bado haujagusa.

Ngojeni. Nyama ninaigeuza.

Hiyo jioni nilimwambia mama habari yote, nikijua atacheka. Tulikuwa tunachambua mboga. Nikamweleza juu ya teke ya Kariuki, akatabasamu kidogo. Nikamweleza juu ya mkate. Nilipofika kwa rula, mikono yake ikasimama. Akaniambia, "Hebu rudia hapo." Nikarudia, rula inapita juu, maharagwe yanaanguka, yanarudi kwako. Akauliza yanarudi kwako wewe mwenyewe? Nikasema ndiyo. Akachambua kidogo, akasema rudia tena hapo kwa rula. Nikarudia mara ya tatu, na safari hiyo nikaweka mbwembwe, nikaonyesha na mwiko juu ya sufuria. Nilifikiri amependa kichekesho. Miaka mingi nilikuwa nasimulia watu hivyo, kwamba mama yangu alipenda sana hadithi ya rula. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, mgongo wangu mwenyewe umeanza kuinama kwa vipande, kwamba mama hakuwa anacheka. Alikuwa anataka kuiona. Miaka ishirini na kitu ya kuchuma, na hiyo ndiyo ilikuwa debe ya kwanza kuiona imepimwa sawa, na ilikuwa mkebe wa maharagwe kwa mdomo wa mtoto. Na ile "haya" yake, ambayo mimi niliona ni ya mtu asiyejua kukasirika, ilikuwa ya mtu ambaye ameangalia nguvu aliyobakisha, akaona inatosha kufika kwa mti tu. Kukasirika kunataka chakula na usingizi. Madam alitudai hasira asubuhi moja na sisi tulikuwa tumeiacha yote kwa mistari.

Na Madam alipita. Najua mlikuwa mnataka kuuliza. Alirudi muhula uliofuata kutuaga, akalia, akasema yule mzee alikuwa amekuja na fomu iliyo na nafasi kumi za maksi, na hakujaza nafasi hata moja mpaka alipojibiwa swali lake. Kwa sababu aliuliza swali. Mkono wake ukiwa hapo karibu na bega langu, aliuliza darasa lote, mtoto huyu ana nini.

Nikasikia miguu mitupu ikija mbio kutoka mbele, miguu ya nyapara wetu wa mchezo, na rula ikawekwa katikati ya mkono wa mzee na bega langu, taratibu, kama unavyofunga lango. Na Kariuki akamwambia:

"Mwache alale, mzee. Huyo ashalipwa."